Mgonjwa haulizwi uji, ila na bima

Swali lilikuwa la saba kwenye fomu: "Je, unaugua au umewahi kuugua mojawapo ya magonjwa haya?" Chini yake orodha: kisukari, shinikizo la damu, moyo, figo, saratani, pumu, kifafa, selimundu. Mbele ya kila ugonjwa visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mpwa wangu aliinua kalamu akanitazama. Wakala aliyekaa ng'ambo ya meza, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri na ulimi mtamu, akainama akashusha sauti. "Dada, hapo weka hapana. Watu wote wanaweka hapana."

Akaweka ndiyo. Alikuwa na miaka 24, amezaliwa na selimundu, na amelazwa mara nyingi mno kuweza kuamini kwamba faili lake halitaonekana. Baada ya wiki mbili ikaja barua yenye adabu tele. Kampuni ilikuwa tayari kumpokea kwa mchango ulioongezwa robo, ila bima yake isingehusu "selimundu pamoja na madhara yote yatokanayo nayo".

Sumu iko kwenye maneno hayo ya mwisho. Selimundu ni ugonjwa wa chembe nyekundu za damu, na damu haina mahali isipofika. Mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa na kifua, ambayo wenyewe huyaita krizi. Hupungukiwa damu. Bandama yake huchoka mapema, hivyo maambukizi ambayo kwa mwingine ni homa ya siku mbili, kwake ni kulazwa. Figo huathirika, macho huathirika, kichwa cha nyonga huoza, na wapo wanaopata kiharusi wangali watoto. Ukishaondoa madhara yote hayo, kilichobaki cha kukatia bima kwenye mwili wa binti huyu ni ajali ya bodaboda na jino bovu. Tena kwa nyongeza ya robo. Mimi nilicheka. Dada yangu, mama yake, hakucheka.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji: unampikia, unampelekea, akinywa akiacha ni shauri yake. Bima ya mtu binafsi humuuliza kwanza, kwa maandishi na sahihi, na jibu lake ndilo linaloamua kama sufuria itabandikwa.

Barua ile ningeisahau, lau nisingezikumbuka kadi zake za zamani. Mtoto huyu hakuwahi kukaa hata mwaka mmoja bila bima hadi alipomaliza chuo. Baba yake ni mwalimu wa serikali. Mshahara wa mtumishi hukatwa asilimia 3 kila mwezi, mwajiri huongeza asilimia 3, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, ulioundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001, humhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Hakuna aliyemuuliza mwalimu yule kama nyumbani kuna mtoto wa selimundu. Alipoingia chuo akahamia kadi ya wanafunzi, shilingi 50,400 kwa mwaka. Huko nako hakuulizwa. Zaidi ya miaka 20 mwili ule ule, wenye damu ile ile, ulipita kwenye madirisha ya bima bila swali. Siku aliyovua joho la mahafali akawa mtu mmoja, na mtu mmoja ana swali la saba.

Kwa mwenye ugonjwa sugu, mlango wa bima ni kundi. Nimeshasikia laana nyingi dhidi ya roho mbaya za kampuni za bima, na nyingine nimezitoa mwenyewe, lakini sijaona laana iliyobadilisha hesabu za kampuni. Swali lenye faida ni jingine: ni nani aliyepanga kwamba mgonjwa aende mlangoni peke yake?

Hesabu yenyewe inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye chama cha kufa na kuzikana. Mtaani kwetu kila kaya hutoa shilingi elfu mbili kwa mwezi; ukitokea msiba, chama hutoa sanda au jeneza, turubai, mchele na usafiri wa kwenda makaburini. Katibu ana daftari lenye jalada gumu ambamo katiba imeandikwa kwa mkono, na kimo kifungu kimoja kisichobishiwa na yeyote: mwanachama mpya hahudumiwi hadi miezi mitatu ipite. Bila kifungu hicho watu wangekuja kujiandikisha maiti ikiwa tayari mochwari. Wakishaanza hao, wenye afya wangeona wanachangia misiba ya wapita njia, wangejitoa mmoja mmoja, na chama kingebaki na wafiwa watupu wanaochangishana.

Kampuni ya bima inaogopa jambo hilo hilo. Haimwogopi mgonjwa kwa kuwa ni mgonjwa. Inamwogopa kwa kuwa amekuja mwenyewe, leo, akijua kitu ambacho kampuni haikijui.

Lakini chama chetu hakimkatai bibi wa miaka 80. Hakimpimi presha wala hakimdai cheti cha daktari. Kinamchukua kwa sababu ni mkazi wa mtaa na mtaa mzima umo, wakiwemo vijana mia moja wanaolipa elfu mbili zao bila wazo la kufa. Bibi amebebwa na hao. Wangekuwa wanaingia wazee peke yao, kila mmoja kwa hiari yake, katibu naye angetunga swali la saba.

Tulishaliona hili likitokea nchi nzima, tena bila kampuni binafsi kuhusika. Kadi ya Toto Afya ilimruhusu mzazi kumkatia mtoto mmoja bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, akitaka, wakati wowote atakapo. Mwenye mtoto asiyeugua zaidi ya mafua hakuwa na haraka. Mwenye mtoto wa selimundu, wa tundu kwenye moyo au wa saratani alikimbia kama anayekimbilia treni, na nani asingekimbia? Tanzania peke yake inakadiriwa kuzaa watoto wa selimundu kati ya 11,000 na 14,000 kila mwaka. Machi 2023 Mfuko ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja ukisema unalipa mara nyingi ya kile unachokusanya, na wazazi wakaambiwa watoto wasajiliwe kupitia shuleni. Zilipigwa kelele bungeni na mitandaoni, na baadaye kadi ikarejeshwa.

Katika zogo lile wapo waliowasema wazazi, kwamba wamesubiri mtoto augue ndipo wakate bima. Sikubaliani nao hata kidogo. Mzazi yule hakudanganya mtu. Alipita kwenye mlango uliokuwa wazi. Nilichokiona mimi ni dawa ambayo Mfuko wenyewe uliiandika: shuleni. Shule ni kundi. Darasa la watoto 60 lina mgonjwa mmoja au wawili na watoto 58 wanaocheza mpira.

Sasa turudi kwa mtu mzima anayetaka bima binafsi. Zipo sababu halali za kuitaka: huenda daktari anayemfahamu yuko hospitali isiyopokea kadi ya Mfuko, au anakumbuka Machi 2024, pale hospitali kadhaa binafsi zilipositisha huduma kwa wanachama wa Mfuko kwa sababu ya mvutano wa bei za kitita kipya cha mafao. Anajaza fomu, anaandika ukweli. Kampuni inaweza kumkataa kabisa, na afadhali hiyo, maana anajua alipo. Inaweza kumwongezea mchango. Inaweza kuuengua ugonjwa wake kama ilivyomfanyia mpwa wangu. Inaweza kumpokea na kumpa kipindi cha kusubiri, mara nyingi mwaka mzima, ambamo analipa mchango wa bima na wakati huo huo analipa matibabu kwa pesa yake. Kama amevuka miaka 60 au 65, kampuni nyingi hazifiki hata kwenye swali la saba. Wanaishia tarehe ya kuzaliwa.

Jibu linalopendeza kuliko yote ndilo ninalolihofia zaidi. Kampuni inasema: magonjwa sugu tunayahudumia. Kwenye kipeperushi imeandikwa kwa herufi nene na pembeni kuna picha ya familia inayotabasamu. Ndani ya mkataba, ukurasa wa tisa au wa kumi na moja, kuna ukomo mdogo ndani ya ukomo mkubwa. Kadi inasema milioni kadhaa kwa kulazwa, ila kwa magonjwa sugu yote kwa pamoja ni sehemu ndogo tu ya hizo.

Tuipime kwa figo, kwa sababu figo hazina mjadala. Mtu ambaye figo zake zimekufa anahitaji kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara, maisha yake yote au hadi apate figo ya kupandikizwa. Ni mara 156 kwa mwaka. Nchini Kenya, bei iliyowekwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii kwa kila awamu ni shilingi 10,650 za huko. Zidisha: 1,661,400 kwa mwaka, bado dawa, vipimo na nauli. Sasa chukua mkataba wa mfano wenye ukomo wa shilingi 300,000 kwa magonjwa sugu. Unalipia awamu 28. Ukianza Januari mosi, wiki ya kwanza ya Machi kadi haisomi tena. Mtu huyo ana bima, ana kadi ya plastiki yenye picha yake, ana programu ya kampuni kwenye simu, na ana miezi kumi ya kujitegemea.

Ndiyo maana mtu akinijia na kipeperushi simuulizi kampuni gani wala bei gani. Namuuliza ukomo wa ugonjwa wako uliomo ndani ni kiasi gani, na unaisha baada ya kliniki ngapi. Wengi hawajui. Wakala naye mara nyingi hajui, au anajua na anatazama dirishani.

Huyo wakala nina neno naye. "Weka hapana" ni ushauri wa mtu anayelipwa kamisheni siku ya kujiunga na ambaye siku ya kulazwa hatakuwepo. Kampuni nyingi hazichunguzi unapoingia, zinachunguza unapodai. Siku ya kujaza fomu utachekewa, utapewa kalamu na kalenda. Siku utakapopelekwa wodini na hospitali ikaomba kibali cha gharama kubwa, hapo faili lako la zamani ndipo linapofukuliwa, na dokezo moja la daktari la miaka sita nyuma linatosha kuufuta mkataba tangu siku ya kwanza. Utakuwa umelipa mchango, umekosa matibabu, na jina lako limeandikwa kwa wino wa udanganyifu. Mgonjwa anayeweka hapana amenunua bima ambayo itafanya kazi kwa masharti kwamba asiugue.

Kanuni hii, kwamba mkata bima ni lazima afichue kila kitu, tumeirithi kutoka kwa Waingereza, na ina kisa chake. Mwaka 1766 jaji Mansfield wa London aliamua kesi ya Carter na Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Kiingereza kisiwani Sumatra, akaikatia bima isije ikatekwa na adui wa Ulaya. Wafaransa wakaiteka. Boehm, aliyempa bima hiyo, akagoma kulipa, akidai gavana alificha jinsi ngome ilivyokuwa dhaifu. Mansfield akafafanua kwamba katika bima siri hukaa kwa anayeomba, hivyo ni wajibu wake kusema, na maneno hayo yakawa nguzo ya sheria ya bima kote Waingereza walikotawala. Wanaoinukuu nguzo hiyo hupenda kusahau kwamba gavana alishinda kesi: jaji aliona mtoa bima angeweza kujua au kuuliza, na hakuuliza.

Waingereza wenyewe wameshaiacha kwa wananchi wa kawaida. Sheria yao ya 2012 inasema mteja binafsi ana wajibu wa kujibu maswali kwa uangalifu wa kawaida, basi. Asichoulizwa si kazi yake kukibashiri, na aliyekosea kwa nia njema licha ya kuwa mwangalifu hapotezi haki yake. Huku kwetu bado tunapima wagonjwa wa kisukari kwa kipimo cha gavana mwenye ngome na mizinga. Jambo hilo lingeweza kurekebishwa na bunge lolote la Afrika Mashariki bila kuongeza senti moja kwenye bajeti, na sijui linasubiri nini. Kwa sasa, anayenyimwa malipo kwa kisingizio cha aina hii Tanzania anaweza kwenda Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Kenya kwa mamlaka ya kusimamia bima. Wachache wanazijua ofisi hizo, na mgonjwa aliye kitandani si mtu wa kupanda ngazi za ofisi.

Zipo nchi zilizolifuta swali la saba kwa sheria. Afrika Kusini ilifanya hivyo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Miaka ya mwanzo ya 1990 mifuko yao binafsi ya matibabu iliruhusiwa kupanga bei kwa kutazama afya ya mtu, na wazee na wagonjwa wakasukumwa nje. Sheria ya 1998, iliyoanza kutumika 2000, ikasema mfuko ulio wazi kwa umma umpokee kila anayeomba, wote kwenye mpango mmoja walipe bei moja bila kujali afya, na kuwe na mafao ya lazima. Baadaye mafao hayo yakawekewa orodha ya magonjwa sugu 26, kisukari, pumu, kifafa na figo yakiwemo, ambayo mfuko hauwezi kuyakwepa. Mwombaji mpya anaweza kusubirishwa miezi 3 kwa jumla, na hadi miezi 12 kwa ugonjwa aliokuja nao. Aliyekaa nje hadi kuvuka miaka 35 huongezewa mchango, na aliyechelewa sana anaweza kufikia nyongeza ya asilimia 75. Ni katiba ile ile ya chama cha kuzikana, ila imechapwa kwenye gazeti la serikali.

Mguu mmoja ulibaki nje. Mpango ulikuwa kwamba baadaye kila mwenye kipato alazimike kuchangia, na hilo halikufanyika. Kijana mwenye afya akabaki na ruhusa ya kusubiri. Mifuko inamlinda mgonjwa aliyemo, lakini bei zimepanda mwaka hata mwaka, na waliomo hadi leo ni takriban asilimia 16 tu ya Waafrika Kusini.

Marekani waliliona upande wa pili. Sheria ya Obama ya 2010 ilizikataza kampuni, kuanzia Januari 2014, kumkataa mtu au kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa, na ili vijana wasikimbie ikaweka adhabu ya kodi kwa asiye na bima. Mwaka 2017 bunge likaifuta adhabu hiyo, ikawa sifuri kuanzia 2019. Wengi walitabiri soko litakufa. Halikufa, na sababu kubwa ni ruzuku: serikali iliendelea kumlipia mwenye kipato kidogo sehemu nzuri ya mchango, hivyo hata mwenye afya aliona ana faida kubaki. Kwa hiyo fimbo si lazima iwe fimbo. Ila lazima kiwepo kitu kinachomweka mzima ndani. Ukimlazimisha mwenye bima ampokee mgonjwa na ukamwacha mzima nje, umeandika sheria ya kuua bima.

Kwetu tuna vipande vya kanzu ambavyo havijashonwa pamoja. Kenya, katika sheria yake ya Ukimwi ya 2006, ilikataza mtu kulazimishwa kupimwa au kutaja hali yake ya virusi ili apate bima au mkopo, hadi kiwango fulani cha kinga. Kwa nini VVU, na si kisukari? Jibu la kweli ni kwamba waathirika wa VVU walijipanga, wakaandamana, wakaenda mahakamani, na dawa zao kwa miaka mingi zikalipwa na wafadhili wa nje, hivyo kampuni haikuwa na hasara kubwa ya kuzipigania. Wenye kisukari hawana umoja wa namna hiyo, na insulini yao haina mfadhili wa kiwango kile.

Tangu Oktoba mosi 2024 Kenya ina Mamlaka ya Afya ya Jamii badala ya mfuko wake wa zamani. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na upo mfuko maalumu wa dharura na magonjwa sugu ambao huanza kulipa pale mfuko wa kawaida unapofikia ukomo. Haumuulizi mtu anaugua nini. Kwenye karatasi ni mzuri kuliko mkataba wowote binafsi nilioushika. Taabu ni kwamba mama anayeuza mboga Gikomba hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, naye hupata pesa ya siku. Anayejikakamua kuzitafuta hizo pesa kwa mkupuo ni yule ambaye ndani kuna mgonjwa. Toto Afya imevuka mpaka Namanga bila pasipoti.

Tanzania tulipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, baada ya muswada wa 2022 kuzua mabishano, hasa kipengele cha kuifungamanisha bima na leseni ya udereva na huduma nyingine za serikali. Sheria inataka kila mkazi awe na bima, na imetaja vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo: soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha, miamala ya kielektroniki. Sina ugomvi na vyanzo hivyo. Mnywaji wa soda amchangie mwenye kisukari, ni haki kabisa. Nitakachokitazama mimi ni jambo dogo zaidi. Je, kijana wa miaka 25 asiyeumwa, anayeuza vifuniko vya simu Kariakoo, asiye na mwajiri wala mkopo wa serikali, ataingiaje? Akiingia yeye, mpwa wangu ameingia. Akibaki nje kwa hiari yake, kitita cha mafao kitaanza kukatwa vipande kimoja baada ya kingine, na tutaambiwa ni uendelevu wa mfuko.

Na njia ya kumwingiza si ngeni. Ushirika Afya ulikwishawahi kuwaandikisha wakulima kupitia vyama vyao vya msingi, korosho na kahawa zikiwa dhamana. Vikoba vipo kila mtaa, na vyama vya bodaboda vina viongozi, sare na daftari. Kundi ambalo limekusanyika kwa sababu nyingine, mkopo au korosho au kijiwe, ndilo kundi bora la bima, maana hakuna aliyejiunga kwa sababu anaumwa. Kundi lililokusanywa kwa ajili ya bima tu linanuka dawa tangu siku ya kwanza.

Mwenye ugonjwa sugu anayenisoma leo hawezi kuingoja sheria, kwa hiyo kwake ningesema hivi: kabla hujaenda mlangoni peke yako, hesabu makundi yote uliyomo au unayoweza kuwemo. Kadi ya mwenza wako. Mwajiri, hata awe mdogo, maana kampuni nyingi zikishapewa orodha ya wafanyakazi wa kutosha huwa hazimchunguzi mmoja mmoja. Chama cha taaluma yako, au chama cha ushirika. Ukiwa na kadi ya kundi na unakaribia kutoka, kwa kuhitimu, kustaafu au kuachana, uliza uhamisho kabla kadi haijafa, kwa sababu siku moja ya pengo inakugeuza kuwa mwombaji mpya. Mpwa wangu hakuna aliyemwambia hilo. Mimi mjomba mtu, ninayeandika makala za sera, sikumwambia.

Mwaka jana alipata kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, wafanyakazi kama 60, wengi wao madereva na makuli wenye vifua kama milango. Wiki ya pili ofisi ya utumishi ikamletea karatasi ya bima: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, hospitali anayoipenda, picha ndogo mbili. Aliigeuza upande wa pili kuhakikisha. Akanipigia picha na kunitumia. "Mjomba, hakuna la saba." Juu ya karatasi, kwenye kona ya kushoto, niliitambua nembo. Ilikuwa kampuni ile ile iliyomwandikia barua.

Mwezi Machi aliitwa kwenye usaili mahali pengine, mshahara karibu mara mbili, mkataba wa miezi 6 usio na bima. Aliniuliza naonaje. Nilikuwa bado natafuta maneno aliponiambia ameshawaandikia kuwashukuru, na kwamba yuko kliniki, namba 14 kwenye foleni ya dirisha la bima.